Kijana wa kipaimara anakabidhiwa kwa nani?

Jumapili ya kipaimara huwa haina mpinzani katika kalenda ya usharika. Nguo nyeupe zimepigwa pasi, ndugu wamefika kutoka mikoani, mpiga picha ametandika kapeti lake jekundu nje ya mlango wa kanisa, na nyumbani sufuria la pilau lipo motoni tangu alfajiri. Mtoto amejibu maswali, amewekewa mikono, amepewa cheti. Jumapili inayofuata atakuja, na ya tatu pia. Ikifika Pasaka, ukiuliza aliko yule wa mstari wa pili aliyetiririsha katekisimu bila kukwama, utaambiwa "yuko shule", na hilo ndilo jibu lote ambalo kanisa linalo.

Sasa angalia bahasha za ahadi. Mtunza hazina anajua kuwa bahasha namba 214 haijarudi tangu Agosti, na mzee wa kanisa wa mtaa ule amekwisha kukumbushwa apite kwenye nyumba hiyo. Sisemi ni vibaya kufuatilia ahadi. Paa halijiezeki lenyewe. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa kufuatilia tunao, na tumeuelekeza kwenye bahasha.

Wengi wa hawa tunaosema "wamerudi nyuma" hawakukaa chini siku fulani wakaamua kuacha imani. Walidondoka kama kinavyodondoka kijiti katika mbio za kupokezana: aliyekuwa nacho aliachia mkono, na mbele hapakuwa na mkono wa kupokea. Malezi ya kiroho kwa vijana yanashindwa hasa hapo, kwenye kukabidhiana. Mahubiri yanaweza kuwa mazuri kupita kiasi na kijana akadondoka vilevile.

Ukitaka kuona hapo mahali pa kudondokea, fungua kalenda ya shule. Mtihani wa kidato cha nne Tanzania hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati kuna karibu miezi minane ambayo chama cha wanafunzi Wakristo cha kijana, UKWATA, TYCS au CASFETA, kimebaki shuleni, darasa la kipaimara lilikwisha zamani, na umoja wa vijana pale kanisani umejaa watu wa miaka 28 wanaojadili michango ya harusi. Pili, kidato cha sita humaliza mitihani Mei, wengine huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Huyu sasa anahama na mji. Mwanya wa tatu hauzungumzwi sana, nao kwa maoni yangu ndio mbaya kuliko yote: mwaka wa kwanza baada ya chuo. Chuoni alikuwa katibu wa chama cha wanafunzi Wakristo, USCF au TAFES, au kiongozi wa TMCS, akisimama mbele ya ukumbi uliojaa. Leo analala sebuleni kwa shangazi, anazungusha barua za kuomba kazi, na Jumapili watu wanapoinuka safu kwa safu kupeleka sadaka mbele, yeye anabaki kwenye benchi na mikono mitupu, akijifanya anatafuta namba ya wimbo. Jumapili mbili za namna hiyo zinatosha.

Tena hao ni wa shule. Kijana wa gereji na binti wa kazi za ndani, ambaye Jumapili asubuhi ndiyo saa anayohitajika jikoni kwa tajiri wake, hawana hata chama cha wanafunzi cha kuwakumbuka.

Tiba iliyozoeleka ni kongamano. Siku tatu, fulana zenye neno kuu mgongoni, mnenaji kutoka mbali, na usiku wa mwisho watoto wanalia mbele ya madhabahu. Machozi yale ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Lakini Jumatano ya wiki inayofuata, kijana anapojiuliza gizani bwenini kwa nini Mungu alimwacha mama yake afe baada ya maombi yote yale, mnenaji keshapanda basi.

Tiba nyingine ni kumpa kijana kazi. Anajua kupiga kinanda, anakabidhiwa kinanda. Anajua kompyuta, anawekwa kwenye projekta na mashine ya sauti. Kwa kuwa anaonekana kila Jumapili, hakuna anayemwuliza hali. Anaweza kutumika miaka minne bila mtu hata mmoja kumwuliza anasali vipi, na siku asipotokea, simu ya kwanza inauliza ufunguo wa chumba cha vyombo kauweka wapi.

Katika eneo letu hili tunao mfano wa vijana waliobaki imara katika mazingira ambayo kwa hesabu za kawaida wangepukutika wote: mashahidi wa Uganda. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, Februari 1879 na kubatiza watu wao wa kwanza mwaka 1880. Novemba 1882 waliondoka, wakavuka ziwa kuja kusini, upande wa Mwanza ya leo. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu wakatekumeni wa Buganda, yaani waliokuwa wakiandaliwa kubatizwa, na waumini wenzao walikaa bila padre, bila misa, wengi wao bado hawajabatizwa. Kwa mantiki yetu ya leo, kwamba kijana anashikiliwa na ibada nzuri na mhudumu mwenye kipawa, mapadre wangerudi na kukuta majani yameota. Walikuta idadi imeongezeka.

Kilichofanyika katikati ni kwamba Wakristo wa kawaida, watu wenye kazi zao, walishika kila mmoja kikundi chake. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mhudumu wa ikulu, akawashika vijana waliotumika humo pamoja naye. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa kabaka, yaani mfalme, alifundisha waliomzunguka. Matia Mulumba na wenzake walikuwa na wao kule Mityana. Mukasa alipouawa Novemba 1885, vijana wa ikulu hawakuachwa watawanyike: Karoli Lwanga, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye mwenyewe alibatizwa siku zilezile, alishika nafasi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, hukumu ikiwa imekaribia, Lwanga aliwabatiza pale Munyonyo wale waliokuwa bado, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Kila mwaka Juni tunahubiri ushujaa wao, na ni haki. Ila fundi anayetaka kujifunza kazi angetazama jinsi mambo yalivyopangwa. Mlezi aliishi karibu na anaowalea, aliwaona wakila na wakikasirika. Waliokuwa chini yake walikuwa wachache wa kutosha kujulikana kwa majina. Na nafasi yake ilikuwa na mrithi kabla haijahitaji mrithi. Hilo la tatu ndilo tunalolikosa kabisa. Mlezi wa vijana akihamishwa kikazi kwenda Songea, malezi yote yanahamia Songea, na vijana wanabaki na kundi la WhatsApp ambalo ujumbe wake wa mwisho ni picha ya "Heri ya Mwaka Mpya".

Tufanye hesabu ndogo. Usharika wenye watoto 60 wa kipaimara kwa mwaka, ukimpa kila mlezi vijana watatu, unahitaji walezi 20. Kila kijana akipata saa moja kila baada ya wiki mbili, mlezi anatumia saa sita kwa mwezi. Mtu mwenye kazi na familia anaweza hilo. Mpe vijana saba, ni saa kumi na nne, na kufikia mwezi wa tatu ataanza kuwakutanisha wote pamoja ili kuokoa muda, na mara tu wakikutanishwa wote kuna wawili hawataongea tena. Mchungaji asihesabiwe humo. Ana mazishi, ana vikao, na isitoshe ndiye mwenye kauli juu ya nidhamu ya kanisa. Kijana hamwambii hakimu mambo yanayoweza kumfikisha kizimbani.

Mlezi awe amemzidi kijana kwa miaka kumi hivi: bado anakumbuka mambo ya bweni, na hashindani naye. Awe amekaa usharikani angalau mwaka, watu wamemwona. Awe anajulikana kwa kutunza siri, na hiyo inapimwa kirahisi: akikusimulia habari za fulani bila kuombwa, mpishe. Asiwe mzazi, wala mwalimu wa darasani, wala mwajiri, kwa sababu hao ndio watu ambao kijana atahitaji kuwaongelea. Binti alelewe na mwanamke, mvulana na mwanamume. Atakayeona huu ni ushamba aulize ni ndoa ngapi zimevunjikia katika "maombi ya pamoja".

Kosa la kwanza la muda ni kuanza baada ya kipaimara. Anza miezi mitatu kabla, mtoto akiwa bado anakuja darasani kwa lazima. Mpe majina mawili au matatu, achague mwenyewe. Mkutano wa kwanza ufanyike nyumbani kwao, mzazi yupo, waelewane wazi kipi kitasemwa na kipi hakitasemwa. Mzazi atakuja siku moja na swali, "Eti mwalimu, huwa anakuambia nini?" Jibu limeandaliwa tangu siku hiyo: mambo ya kijana yanabaki kwa kijana, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

Hapa sheria inahitaji kutajwa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na karibu wote wa kipaimara wako humo. Mkutane mahali pa wazi: veranda ya kanisa, chini ya mwembe, mgahawani. Chumba chenye mlango uliofungwa hakifai, hata kama mvua inanyesha. Jumbe za saa sita usiku hazifai. Na mtoto akifichua kwamba anafanyiwa ukatili, siri hiyo haitunzwi, haipelekwi kwenye kikao cha wazee kwanza "ili tuiombee", inapelekwa dawati la jinsia na watoto polisi au simu ya msaada kwa mtoto, 116, siku hiyohiyo.

Mkutano wenyewe usizidi dakika 90. Walezi wengi hufungua na "Unaendeleaje kiroho?" na kijana hujibu "Namshukuru Mungu", mlango ukafungwa pale pale. Uliza vitu vyenye mikono na miguu. Wiki hii umelala saa ngapi? Nani anakulipia nauli? Kuna kitu kimesemwa mimbarini kikakukera? Umekosana na nani? Theluthi ya kwanza ya mkutano ikiisha kwa maswali hayo, fungueni Injili ya Marko, sura moja kwa mkutano. Ina sura 16, kwa hiyo kwa mwendo wa wiki mbilimbili mtaimaliza kwa miezi saba na nusu hivi, na kijana atakuwa amesoma kitabu kizima cha Biblia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo baadhi ya wazee wa kanisa hawajawahi kulifanya. Asome yeye kwa sauti. Maswali matatu yanatosha: kimetokea nini, nini hukielewi, utafanya nini kabla hatujaonana tena. Mlezi akiona ameongea zaidi ya nusu ya muda ajue ameendesha semina ya mtu mmoja.

Mwisho mwombe. Kijana aombe kwa maneno yake, hata yakiwa manne. Mlezi naye aombee shida yake mwenyewe, ya kweli, kodi ya nyumba au ugomvi na bosi, kwa kiasi kinachofaa masikio ya mtoto. Kusikia mtu mzima anamhitaji Mungu kwa jambo la Jumatatu humfundisha kijana kitu ambacho mafundisho ya miaka miwili ya kipaimara hayakuweza kukifikisha. Halafu mlezi aandike mistari miwili kwenye daftari: tarehe, na jambo la kuuliza safari ijayo. Asiandike siri. Madaftari hupotea.

Yatakuja maswali magumu, na hapa ndipo vijana wenye akili nyingi tunapowapoteza. Anauliza kuhusu mageuzi ya viumbe aliyofundishwa kwenye baiolojia, au kwa nini Mungu wa Agano la Kale anaamuru vita, au kwa nini nabii wa kule barabarani anauza maji. Akiambiwa "hilo ni pepo la ubishi", hatauliza tena. Atatafuta majibu kwenye simu yake, na atayapata. Mlezi hana haja ya kujua kila kitu. Aseme "Sijui, nipe wiki mbili", kisha baada ya wiki mbili arudi na kitu mkononi, hata kama ni nusu ya jibu. Asiporudi nacho, afadhali asingeahidi.

Fedha huua malezi mengi kuliko fundisho lolote potofu. Mlezi mwenye huruma hulipa mchango wa shule mara moja, mara ya pili hukopesha, na kufikia mara ya tatu kijana haji ila siku ya shida. Siku mlezi naye akikwama, uhusiano umekufa na wote wawili wana aibu. Semeni mapema: mlezi hatoi mkopo, shida ya ada itapelekwa idara ya diakonia, inayohudumia wahitaji, au mfuko wa jumuiya, na mlezi atakwenda naye. Nauli ya dharura na sahani ya chipsi si fedha, tusiwe wagumu hivyo.

Kuna na ugonjwa wa "baba wa kiroho". Huanza polepole: mlezi anataka kuulizwa kabla kijana hajachagua mchepuo, kisha kabla hajachagua mchumba, kisha anadai sadaka ya shukrani, na mwishoni kijana anaambiwa asisikilize wengine. Kinga ni za kiutawala na hazina mbwembwe: malezi yana kikomo cha miaka miwili, yanayoweza kuongezwa kwa ridhaa ya kijana, kila miezi mitatu mlezi anamweleza mratibu wa walezi wamekutana mara ngapi, bila kusema wameongea nini, na kijana ana haki ya kubadilishiwa mlezi bila kutoa sababu.

Turudi kwenye kijiti. Paulo anapofunga waraka wake kwa Warumi, sura ya 16 inaanza, "Namkabidhi kwenu Fibi, dada yetu." Katika mistari miwili anataja jina, kanisa anakotoka, utumishi wake, na anachohitaji afanyiwe. Kanisa la leo linaandika barua ya utambulisho mtu anapotaka kufunga ndoa. Kijana anapokwenda chuo Dodoma au Mbeya anapewa maombi na mfuko wa karanga.

Barua ya kumkabidhi kijana haihitaji zaidi ya nusu ukurasa: jina lake, anakwenda chuo gani na lini, amekuwa nasi tangu lini, anapenda kutumika wapi, simu ya mlezi wake, na ombi la kupewa mtu mmoja wa kumpokea, mwenye jina. Makosa yake hayaandikwi humo. Wiki nne kabla ya kuondoka mlezi atafute kanisa au tawi la wanafunzi lililo karibu na hosteli. Kama la dhehebu lake liko mbali kwa daladala mbili, mtafutie jirani. Mmoraviani aliyepokelewa na Waanglikana ana nafuu kuliko Mmoraviani aliyelala hadi saa sita mchana. Wiki mbili kabla, wapige simu ya watu watatu: mlezi, kijana, mpokeaji. Jumapili ya kwanza mpokeaji amfuate mlangoni pa hosteli. Kumwelekeza kwa ramani ya simu hakutoshi, kwa sababu asubuhi ile kijana yuko peke yake katika mji mgeni na kitanda ni kitamu. Kwa wiki sita mlezi wa zamani apige kila wiki, kisha kila mwezi. Mlezi mpya akishashika, wa zamani apunguze. Walezi wanaong'ang'ania huona hilo gumu.

Vipi aliyekwisha kudondoka? Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia, na Paulo akakataa kusafiri naye tena. Barnaba akamchukua wakaenda Kipro. Baadaye ni Paulo huyohuyo anayemwagiza Timotheo amlete Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Barnaba, kwa tunavyosoma, hakuitisha kikao. Alisafiri naye. Basi simu ya kwanza kwa kijana aliyepotea isianze na "Hatukuoni kanisani". Muulize mtihani ulikwendaje. Usimtaje kwa jina kwenye maombi ya jumuiya, habari zitamfikia kabla ya jioni. Siku akija usimsimamishe atoe ushuhuda, mpishe akae.

Binti aliyepata mimba ndiye anayehitaji mlezi kuliko wote, na ndiye tunayempoteza haraka, kwa kuwa makanisa mengi humwondoa kwenye Meza ya Bwana kabla ya kumwuliza amekula nini. Mvulana mwenzake yuko kwenye kwaya, sauti ya besi. Nidhamu ya kanisa ina wenyewe. Mlezi asikae kwenye kikao kile. Jumapili inayofuata akae na binti benchi moja, ampeleke kliniki, na amuulize mapema anarudi lini shule.

Daftari la washarika lina safu ya jina, tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, ya kipaimara. Pembeni kulia hubaki nafasi ambayo kwa kawaida haijazwi kitu. Katibu achore pale safu moja zaidi, aandike juu yake "Amekabidhiwa kwa", na katika kila mstari jina moja na namba moja ya simu. Aipitie kila mwezi wa tisa, kabla vyuo havijafungua, na kila mwezi wa kumi na mbili, kidato cha nne wakiwa wamerudi nyumbani. Namba za simu aziandike kwa penseli, maana hubadilika.